Saa Mbili ya Tiketi

Kila alipotoka shule, Profesa alifagia maranda katika karakana ya baba yake mdogo, kisha akafanya hesabu zake juu ya meza ya useremala. Jina hilo alipewa na baba mdogo mwenyewe, kwa sababu msichana huyo hakukubali hata siku moja kusema "sijui."

Juma lile mama yake, aliyefanya kazi nchi ya mbali kwa miaka minne, alituma picha ya tiketi. Mara mbili alikuwa ameahidi kuja, na mara mbili hakutokea. Profesa akashika penseli.

"Kilomita elfu sita na mia tatu. Ndege hukata mia tisa kwa saa. Safari ya saa saba! Kwao na kwetu saa ni zile zile. Tiketi inasema mbili. Anaondoka saa mbili asubuhi, anatua saa tisa alasiri."

"Una hakika? Umemwuliza mwalimu?" baba mdogo alimhoji.

"Nimemwuliza."

Hakuwa amemwuliza mtu.

Jumamosi, saa tisa iliwakuta kwenye benchi la chuma la uwanja wa ndege, pamoja na Bibi, mama mzazi wa mama yake, na miguu yake iliyovimba. Milango ya kioo ikafunguka. Watu wakakumbatiana, masanduku yakapita. Kila mwanamke mwembamba alikuwa mama, mpaka alipogeuka. Saa kumi ikapita. Ikafika kumi na moja, na mlangoni hapakuwa na mtu ila mfagiaji.

"Simu yake haipatikani," alisema baba mdogo. Yeye ambaye hata msibani hakosi utani, leo hakuwa nao.

"Ametutupa," Bibi alisema taratibu. "Mimba nilibeba, moyo wake sikuubeba. Twendeni. Kile chumba tulichompakia rangi, mtafutieni mpangaji."

Profesa akaitazama tena picha ya tiketi. Bibi alikuwa anamzika mama akiwa hai, na huenda kosa halikuwa la mama.

"Bibi, subiri. Sikumwuliza mwalimu. Nilidanganya."

Baba mdogo alimshika mkono, wakaenda hadi dirisha la maulizo. Dada aliyekuwa pale akaitazama picha.

"Mdogo wangu, hizi herufi mbili pembeni ulizisoma?"

"Niliziona tu."

"Zinasema mchana. Saa ya tiketi huanza kuhesabiwa saa sita usiku, na tena saa sita mchana. Yetu huanza jua likichomoza. Mbili yao ya mchana ni saa nane yetu. Ndege iko angani, ina muda wa saa tatu tangu iruke. Na simu huzimwa ndani ya ndege."

"Basi zimebaki kilomita elfu tatu na mia sita," Profesa alinong'ona. "Bado muda wa saa nne."

"Umemwuliza nani?" baba mdogo akadakia.

Profesa akageuka dirishani. "Dada, ni kweli?"

"Ni kweli."

Saa tatu usiku na robo, mwanamke mwembamba alitoka mlangoni, akageuka, na safari hii akabaki kuwa mama. Bibi alimlilia shingoni mpaka kilemba kikamvuka. Kisha akamvuta mjukuu wake karibu.

"Kuzidisha na kugawanya hukukosea," alisema. "Ila neno lako moja la uongo nusura linifanye nimlaani mwanangu bure. Usipojua, sema hujui. Aibu yake ni ya dakika moja."

"Sawa, Bibi."

"Na teksi tutaipata wapi, Profesa?" baba mdogo aliuliza.

"Sijui," alijibu. "Tuulize."