Unga wa Manjano Usio na Asali

Mama Mizinga alishika panga, moyo ukimdunda kwa furaha. Leo ndiyo leo. Angefyeka vichaka vyote vya maua mekundu mlimani nyuma ya nyumba, apande misonobari. Upande mmoja alishafyeka na kupanda zamani, na miti ilikuwa imekua kweli kweli.

Jambo moja tu lilimnyima raha. Mizinga ya upande ule ilikuwa kimya. Nyuki walihama, na yeye bila nyuki hana jina wala kazi.

"Watarudi," alimwambia mumewe. "Ona unga huu wa manjano. Misonobari inaumwaga mpaka kwenye nguo nilizoanika. Chakula tele hicho."

Mumewe akajikuna kichwa. "Mimi simo. Muulize wifi yako mpendwa huyo anayekuja."

Wifi huyo alikuwa mfanyakazi wa kitalu cha miche. Alipanda mteremko akihema.

"Wifi, weka panga chini," alisema. "Unataka nyuki wafe njaa?"

"Wewe nawe. Njaa, na unga wote huu?"

"Unga upo. Utamu uko wapi?" Wifi akatikisa tawi la msonobari, vumbi likapeperuka. "Mti huu hautoi maua. Una koni hizi ngumu zenye magamba, na mbegu zimo humo. Unga wake unabebwa na upepo. Nyuki hauwahitaji, kwa hiyo hauwapikii kitu."

Kisha akachuma ua jekundu. "Hili umelinyonya tangu utotoni. Linyonye tena."

Mama Mizinga akanyonya. Utamu ukamgusa ulimi. Akaduwaa, panga likamponyoka na kuporomoka bondeni.

"Jamani," alisema. "Kumbe ni mimi niliyewafukuza."

"Kichaka kinamwita nyuki kwa rangi na kumlisha," wifi alisema. "Naye anakibebea unga, ua hadi ua. Msonobari ni mzuri kwa mbao na kukinga upepo. Usiung'oe, ila usiupe nafasi ya kichaka."

Vichaka vikaachwa. Wakapanda vingine kuzunguka mizinga mitupu.

Maua yalipochanua, Mama Mizinga alitega sikio kwenye mzinga mmoja. Akashuka mbio, kanga mkononi.

"Wifi, wamerudi. Njoo usikie."

Wakasimama wote wawili, masikio mzingani. Ndani kulikuwa na mvumo mzito.

Mumewe akawafuata. "Panga langu liko wapi?"

"Sijui," alisema Mama Mizinga, "wala silitafuti."