Koti Lisilo na Waya

Jioni ile nilikwenda kununua koti la kuendeshea pikipiki, lile linalopasha joto. Baridi ya mlimani ilikuwa imenichosha. Meno yaligongana hata nilipokuwa sina la kusema, jambo ambalo kwangu ni nadra. Mke wangu alinisubiri nje. Kila jioni nampakiza, tunashuka kilomita ishirini hadi nyumbani.

Muuzaji, bibi mmoja wa sauti ya chini, aliniwekea makoti mawili mezani. La kwanza waya wake uliungwa kwenye betri ya pikipiki. Nikakataa, betri yangu yenyewe ndiyo inayohitaji koti. La pili lilikuwa na betri yake mfukoni, ila joto lingeishia nusu ya safari. Nikauliza kama nusu iliyobaki nitajifunika matumaini.

Hakucheka. Akainama, akatoa la tatu.

Jeusi. Zito. Halina waya, halina betri, halina hata swichi. Lilinuka majivu yaliyolowa...

Nikamuuliza linapata wapi joto. Akachungulia dirishani, akamtazama mke wangu kwa muda mrefu.

"Huyo ndiye unayempakiza?" akanong'ona.

"Ndiye. Na ana damu moto, bibi. Hata jiko linamwogopa."

"Basi litakutosha."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Njiani, raha tupu! Joto lilianzia mgongoni, likapanda mabegani, likashuka hadi ncha za vidole. Ukungu umefunika barabara, mimi natoka jasho. Nikapaza sauti kumtania mke wangu kwamba kuanzia leo blanketi lote ni lake. Kwa kawaida hunijibu, na mara nyingi hunishinda.

Kimya.

Mikono yake ilikuwa imenizunguka kiunoni. Nikaigusa.

Mawe ya mtoni.

Nikasimamisha pikipiki. Midomo yake ilikuwa ya kijivu, macho wazi, hayanioni. Nikalivua koti, nikamvika, nikamfunga kwangu kwa mkanda wa suruali. Tulipoondoka nikahisi kitu kinanifyonza mgongoni... taratibu... kama mtoto anayenyonya huku amesinzia. Vidole vyake vikaanza kucheza. Vyangu vikafa.

Nyumbani zipu iligoma. Kisu kikateleza juu ya kitambaa kama kinakata maji. Na kila nilipojitenga naye hatua mbili, pumzi yake ilipungua. Nikaketi kitandani, mgongo wangu kwa mgongo wake. Nilitetemeka mpaka kitanda kikalia.

Kisha nikaacha kutetemeka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mama mkwe, tunayeishi naye, akaingia na taa. Akalishika koti, akalinusa, akakunja uso kama aliyekutana njiani na mtu aliyemzika zamani.

"Sogea, baba," akanong'ona.

Nikajaribu kumweleza. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yakatoka vipande vipande.

"Najua linakula nini," akasema. "Mimi jua nimeliota miaka sabini. Sogea."

Huyu ndiye aliyemzaa mke wangu. Ndiye hunibakizia chakula nikichelewa. Mwanamume mwenye haya angekataa, walau mara moja, kwa adabu tu.

Nilikuwa nimekwisha kusogea.