Fundo Nililolikaza Timboni

Jua lilikuwa linatua nilipofunga kibanda changu cha cherehani, nikamshika mume wangu mkono tukaelekea timboni. Aliyetuona alidhani tunakwenda matembezi tu. Kumbe ilikuwa siku ya tisa Kyalo hajakaa chini.

Sitii chumvi. Alikula akitembea. Usiku alizunguka chumba chetu cha kupanga hapa Mishomoroni, mlangoni, dirishani, mlangoni tena, hadi miguu ikavimba. Nikimlaza, anainuka. Mchungaji alikuja na wazee wa kanisa kumwombea. Walipiga magoti, na Kyalo akawazunguka huku machozi yanamtoka.

"Nimechoka, Ruth," aliniambia. "Lakini miguu inakataa."

Kyalo anaendesha mashine ya kukatia mawe ya kujengea, kwenye timbo lililo upande wa mikoko. Siku ile yalipomwanza, mashine ilitoboa ukuta wa jiwe, nyuma yake pakatokea pango. Ndani mlikuwa na mizizi inayoning'inia, na kwenye mizizi vitambaa vyeusi, mamia, kila kimoja kimepigwa fundo. Mikono yake ilikuwa na grisi. Akavuta kimoja, akakifungua, akajipangusa nacho, akaja nacho nyumbani mfukoni.

Bi Mwanakheri, jirani yetu anayeuza mahamri, ndiye aliyenieleza pale ni mahali gani. Nyanya yake alikuwa mtunzaji wa pango lile.

"Watu wamefunga mambo yao pale tangu zamani mno," alisema kwa sauti ya chini. "Maradhi, maadui, mapepo. Chochote mtu alichotaka kitulie, alikwenda akakifunga. Nguvu zote hizo zimerundikana pale, mwanangu. Hazikuondoka. Kitambaa unacho?"

"Ninacho, bibi."

"Alikifungua?"

"Ndiyo."

Aligeuza mahamri kwenye mafuta, moja moja.

"Basi kilichokuwamo kimetoka, na kimempata yeye. Kakifunge mahali pake, wewe mwenyewe, kabla giza halijaingia. Mumeo abaki nje. Ukisikia unaitwa, usiitike. Hata ukimjua anayekuita."

Basi jioni ile nikaingia.

Pango lilinuka udi na marashi yaliyochacha, na chini yake harufu nyingine... kama nywele zilizoungua. Nje nilisikia viatu vya Kyalo kwenye kokoto. Krach... krach... krach. Anakwenda, anarudi. Sauti ile ilinipa moyo. Niliutafuta mzizi ulio mtupu, nikaupata, nikauzungushia kitambaa.

Hapo nikasikia nyayo nyingine.

Hizi zilikuwa peku. Na zilikuwa ndani.

Zilinizunguka taratibu, mgongoni, ubavuni, mgongoni. Sikugeuka. Fundo likaniponyoka mara mbili. Nikasali kimoyomoyo. Nikashika ncha zote mbili...

Nikakaza.

Nyayo zikakoma. Na viatu kule nje vikakoma.

Kimya.

Kisha, karibu kabisa na sikio langu, kutoka pale pale penye fundo:

"Ruth..."

Ilikuwa sauti ya Kyalo.

"Ruth, fungua. Ni mimi."

Niligeuka kutazama mlangoni. Mume wangu alikuwa ameketi juu ya jiwe, mikono magotini, ametulia. Alikuwa ananitazama. Mdomo wake ulikuwa umefumba.

"Ruth, usiniache humu."

Sikuitika. Nilikuwa nimeambiwa nisiitike. Mungu anisamehe, nilitoka nikamshika mkono yule aliyeketi, tukaenda nyumbani.

Usiku ule alikula sahani mbili za wali, akalala kama mtoto. Asubuhi nililia kwa furaha. Majirani walikuja kunipa pole na hongera kwa pamoja. Jumatatu akarudi kazini, na msimamizi wake, Menza, akanipigia simu kuniambia Kyalo sasa anafanya kazi kuliko wote, hapumziki wala halalamiki.

Jumapili mamake alipiga simu kutoka Makueni. Nikampa Kyalo simu. Walizungumza kidogo, akanirudishia.

"Ruth," mama alinong'ona, "huyo ni nani?"

"Ni Kyalo, mama."

"Mwanangu hajawahi kuniamkia kwa Kiswahili. Nimemsemesha Kikamba, hajui hata neno moja."

Nilimtazama. Alikuwa kitandani, ananitabasamia kwa upole. Hajawahi kuwa mpole hivyo. Kyalo wangu alikuwa mtu wa kubishana hata juu ya chumvi ya mboga.

Nilikimbia kwa Bi Mwanakheri. Alinisikiliza, akafunika uso kwa ncha ya leso.

"Sijui, mwanangu. Nyanya yangu alisema vingine hurudi mahali pao. Vingine... vinaacha mtu mahali pao. Sikudhani."

"Nikafungue?"

"Utalijua fundo lako?"

Nilirudi timboni alasiri ile ile. Nilikuwa na hakika ningelijua. Mimi ni fundi wa nguo, mkono wangu naufahamu. Nikaingia, nikauendea mzizi wangu.

Mizizi yote ilikuwa imejaa. Hapakuwa na kitambaa kilichokaa tofauti na mwenzake. Kila fundo lilikuwa limefungwa kwa mkono wangu.

Nikashika moja. Lilikuwa vuguvugu, likipigapiga ndani kama mshipa wa shingo. Nikashika la pili. Nalo pia. La tatu...

"Kyalo," niliita polepole. "Kyalo, sema neno. Niite nikujue."

Nilingoja.

"Mke wangu."

Ilitoka nyuma yangu. Alikuwa mlangoni mwa pango, amekuja bila kishindo, ameketi.

"Giza linaingia," alisema kwa upole wake. "Twende nyumbani."

Niliachia vile vitambaa, nikamfuata. Nilitembea nikiwa nimetega sikio hadi barabarani, hadi mlangoni kwetu. Hakuna aliyeniita kutoka kule ndani. Na hadi leo sijui kama ameshindwa kuniita, au amenikatia tamaa.