Hema la Bishoftu

Mjinga wa siku ile alikuwa Dagmawi, mtaalamu wa ramani, na sisi tuliokuwepo hatukumsitiri. Ukumbi wa maonyesho ya sayansi pale mtaani Arat Kilo umejaa pomoni, naye, ndani ya koti jipya la kijivu, amesimama mbele ya skrini pana ambayo dunia nzima inazunguka kwa kuguswa na kidole. Alitaka kutuonyesha chemchemi za maji moto za jangwa la Afar. Akabonyeza. Vidoti vyekundu vikamiminika, vikaenda kutua baharini, mlangoni mwa Roma!

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Kaka," ikaita sauti ya kike, "babu zetu walimwaga damu vitani Adwa kuwafukuza Waitalia, leo wewe unawapelekea chemchemi zetu bure?"

Ilikuwa sauti ya Tsedenya, mpimaji wa maji ya visima, gauni jeupe lenye pindo la kijani, nywele zimesukwa zikalala. Akasogea mpaka manukato yake yakamfikia Dagmawi.

"Umeweka latitudo mahali pa longitudo. Hebu nipishe."

Vidole viwili vitatu, chemchemi zikarudi nyumbani.

"Jina lako nani, mwokozi wangu?"

"Kahawa kwanza. Simpi jina langu mtu asiyejua mashariki ni wapi."

Kahawa moja ikazaa nyingine. Zikafuata simu za kila jioni.

"Umekula?"

"Bado."

"Fungua mdomo nikulishe tonge."

"Kwenye simu?"

"Fungua tu, mla hewa wangu."

Hapo Dagmawi, mtu mzima na elimu yake, hufungua kweli.

Ijumaa moja Tsedenya akamwambia anakwenda kwao Bishoftu, kuna shughuli ya familia. Hakusema zaidi, na Dagmawi kwa aibu hakuuliza. Lakini mpenzi akiondoka mkono hautulii. Akafungua ile dunia yake kwenye kompyuta, akateremka toka mawinguni mpaka ukingo wa ziwa, mpaka paa la bluu la kina Tsedenya alilosimuliwa mara nyingi. Uani limetanda hema jeupe, toka ukuta hadi ukuta. Hema la harusi!

Akazima simu. Alipoiwasha Jumapili asubuhi, ikalia papo hapo.

"Ulikufa?"

"Hongera, bibi harusi."

"Bibi harusi wa nani?"

"Usinifanye mtoto, Tsedenya. Hema la kwenu nimeliona."

"Umeliona? Basi njoo ulione vizuri. Na maneno yako uje uyaseme mbele ya mama."

Akaenda, amejiandaa kumpoteza. Uani hakukuta hema wala kamba yake. Palikuwa na pilipili nyekundu zimeanikwa kwenye mikeka, na mama mtu anazigeuza.

"Hema?" mama akacheka hadi akakaa. "Mwanangu, lile lilikuwa la harusi ya dada yake Tsedenya, miaka mitatu iliyopita. Jana tumembatiza mtoto wao wa pili!"

Tsedenya akatoka, shali begani, mikono kiunoni.

"Picha ina tarehe pale chini. Uliisoma?"

Hakuisoma. Mtu anayewafundisha wenzake kwamba picha za angani hukaa miaka bila kubadilishwa, la kwake lilipomfika, aliitazama picha kama anachungulia dirishani.

"Nilichanganyikiwa," akasema, macho kwenye pilipili. "Kila nilipolifikiria hema hilo nilitaka niwe mimi ndani yake, na wewe. Tsedi, nitatuma wazee waje kuposa. Hata kesho."

Tsedenya akauma mdomo kuficha tabasamu. Mama akainama kwenye mikeka yake, masikio yamesimama.

"Ila kubali," Dagmawi akaongeza, maana mwanamume hakosi la kuongeza, "na wewe ulikosea. Ungetaja ubatizo, ningejua."

"Umeizungusha dunia nzima unichungulie toka angani, Dagmawi, kuniuliza kwa mdomo ndiko kulikokushinda! Watume hao wazee. Na waje kwa miguu, wabishe hodi."