Tundu la Nyuma Kushoto

Kipimajoto kilisoma nyuzi nne katika matundu matatu ya hewa. Katika tundu la nne, la nyuma kushoto, kilisoma thelathini na saba.

Mama Barafu alikichomoa, akakipangusa kwenye ovaroli, akakirudisha. Thelathini na saba vilevile. Hakushtuka. Gari lilikuwa la kifahari, la wale wanaotaka kila abiria ajichagulie baridi yake, na miaka kumi na minane ya kutengeneza viyoyozi ilikuwa imemfundisha kwamba raha ya abiria ni jasho la fundi. Gesi ilikuwa kamili. Kompresa ilivuta vizuri. Kompyuta ya kusomea makosa haikuona kosa lolote, ila ilisema kiti cha nyuma kushoto kimekaliwa.

Kiti kilikuwa kitupu. Akaamua kwamba sensa imekufa.

Alikata vipande vinne vya karatasi laini, akabandika kimoja juu ya kila tundu, maana karatasi humwonyesha fundi hewa inakwenda wapi. Vitatu vilipepea kwa nje. Cha nne kilitoka, kikarudi ndani, kikatoka, kikarudi. Akazima injini. Vile vitatu vikalala. Cha nne kikaendelea, taratibu, na ndipo alipoisikia harufu, ya kinywa cha mgonjwa aliyelala na njaa, saa sita mchana jua likiwaka, milango yote minne ikiwa wazi.

Mwenye gari, mama mmoja mpole aliyemkabidhi ufunguo akiwa amesimama mbali kama anayelisha mbwa mkali, alikuwa amemuuliza swali moja tu. Je, ni kweli kwamba yeye fundi hujaribu vifaa vya wateja kwenye gari lake mwenyewe?

Ilikuwa kweli, tena jambo la kujivunia. Watu husema kinyozi hajinyoi, lakini Mama Barafu alijinyoa. Alinunua gari kama lile likiwa limepondwa kwenye ajali, akalifufua kwa mikono yake. Basi kila aliposhuku kifaa cha mteja alikifunga kwenye gari lake, akafunga cha kwake kwenye gari la mteja. Ugonjwa ukikifuata kifaa, kifaa ndicho kibovu. Njia hiyo haikuwahi kumdanganya.

Akahamishia kwenye gari lake ile mota ndogo inayofungua kilango cha hewa ya nyuma kushoto. Gari la mteja likasoma nyuzi nne kotekote, na kompyuta ikasema kiti ni kitupu. Jioni mwenye gari alikuja, akafungua mlango wa nyuma, akatia mkono kwenye hewa baridi na kulia. Akaondoka bila kuuliza ni nini kilichoharibika.

Mota mpya ingefika baada ya siku chache. Mama Barafu akaiacha ile mbovu garini mwake, kwa kuwa joto kidogo halimuui mtu, akaenda kumchukua mwanawe shuleni.

Binti alikuwa na miaka sita na kila mtu alimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Siku hiyo alipanda nyuma, akajibana kwenye mlango wa kulia. Mama yake akamwambia akae vizuri.

"Nampisha," alisema Chiriku.

"Unampisha nani?"

"Anasema amechoka kusimama."

Mama Barafu akacheka, maana watoto wana mambo. Siku ya pili hakucheka, kwa sababu Chiriku hakusema neno njia nzima. Siku ya tatu alimshika mkono ili ashuke, na mkono ulikuwa wa baridi, si baridi ya mtoto aliyechezea maji bali ya nyama iliyotolewa kwenye friji, na daktari alipima hiki na kile, akasema haoni ugonjwa, mfunike blanketi. Alasiri ile ile alirudi gereji, akaing'oa ile mota na kuitupa kwenye chuma chakavu, kisha akabandika karatasi kwenye tundu ambalo sasa halikuwa na mota wala waya, akasimama pale akiitazama ikitoka na kurudi, ikitoka na kurudi, sawasawa na pumzi za mtoto aliyekuwa amelala kwenye kochi la ofisini.

Akampigia simu yule mama.

"Nilijua utapiga," sauti ilisema, polepole. "Alikaa na mwanangu miezi mitano. Mganga akaniambia huyu jini hafukuziki, hana kwake. Huhama tu, tena mpaka fundi amhamishe kwa mkono wake mwenyewe."

"Ukanichagua mimi."

"Niliuliza mafundi sita. Ni wewe tu unayetumia gari lako. Mwanangu ameanza kula, dada. Nisamehe. Na wewe ni mama, utaona."

Mama Barafu alimtukana mpaka maneno yakamwishia, lakini simu ilikuwa imekatwa zamani.

Asubuhi iliyofuata baba mmoja alileta gari la aina ile ile. Kiyoyozi kilikuwa kinakoroma kidogo. Chujio limejaa vumbi, kazi ya dakika kumi, Mama Barafu alijua hata kabla hajafungua boneti. Akageuka, akamwona Chiriku mlangoni mwa ofisi, amejifunika blanketi mbili juani, midomo imekuwa ya majivu. Siku ya tatu bila neno. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

"Niachie mpaka jioni," alimwambia yule baba. "Kuna mota ninaishuku. Nitajaribu kwa ya gari langu."

Sauti ilimtoka ya upole, akaichukia. Yule baba akamshukuru sana, akasema mafundi wenye moyo kama huo ni wachache, akafungua mlango wa nyuma ili atoe kiti cha mtoto kilichofungwa kushoto, chenye makombo ya biskuti kwenye mikunjo.

"Kiache," alisema Mama Barafu. "Hakinisumbui."

Aliinama kuchukua bisibisi na kuiokota ile mota kwenye chuma chakavu, na blanketi ikamgusa bega. Chiriku alikuwa amemfikia bila kishindo. Akamsogezea mdomo sikioni, na pumzi iliyotoka haikuwa baridi, ilikuwa ya uvuguvugu na ya njaa.

"Mama," alinong'ona, "anauliza mtoto wa hapo anaitwa nani."

Mama Barafu alifumba macho. Kisha akayafumbua, akamgeukia yule baba, akamuuliza.