Weusi wa Medali ya Sajenti Choquevillca

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha mbele. Ya pili ilipong'oa cha pembeni, Derlis Ocampos alikuwa ameshakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Mbele yake Hilux nyeupe iliyumba juu ya daraja la Remanso, ikalipita lori la ng'ombe nusura ilikwangue. Chini, mto Paraguay ulitulia kwa rangi ya chai ya maziwa, kana kwamba haukuwahi kumeza mtu.

Derlis alitoa mkono wa kushoto dirishani. Bastola yake ya Glock ikabweka mara mbili.

Tairi la nyuma likapasuka.

Hilux ilijipinda, ikagonga ukingo, ikabingirika na kuishia magurudumu juu pale daraja linapokwisha.

Alimkuta dereva amebanwa na usukani, kifua kimebonyea. Alimfahamu. Wilfrido, mvushaji wa magendo. Sigara, simu, bunduki, chochote chenye mnunuzi.

"Umebeba nini leo, Wilfrido?"

"Kamuulize mama yako."

Derlis akalivuta begi lililokuwa miguuni mwake, akafungua zipu.

Medali.

Za shaba, nyeusi kwa uzee, tepe zimepauka. Aligeuza moja, akasoma jina nyuma: Sajenti Fortunato Choquevillca. Jina lile alilisikia mezani kwao tangu hajaota ndevu. Medali hizi ziliokotwa kwenye mchanga wa Chaco, vifuani mwa Wabolivia waliouawa katika vita na Paraguay, na baba yake, Don Anastasio, alitumia nusu ya maisha yake kuzitafutia wenyewe. Leo zilikuwa zikirudishwa kwa wajukuu. Zilitakiwa ziwe Asunción, ndani ya sanduku la kioo, katika nyumba ya chama cha wakusanyaji wa medali.

Mezani kwa baba yake.

"Zinafanya nini huku?"

Wilfrido alicheka, damu ikamtoka puani. "Waliobadilisha sanduku waliniambia nizitupe mtoni. Mjinga gani anatupa mtoni kitu kinachouzika?"

"Na mezani kuna nini?"

"Za bandia. Chini ya mahameli, baruti. Paa lile mtaliokotea Argentina."

Derlis akamkaba kola. "Nani anabonyeza?"

"Mtu wao. Yumo humo humo, anajifanya mkusanyaji. Sura yake siijui..."

Hakumaliza; roho ilimtoka. Derlis alimwachia, akanyakua redio.

"Afande, sanduku la medali ni bomu. Rimoti anayo mtu ndani ya ukumbi."

Kanali Zunilda Brítez, mkuu wake wa ujasusi, hakuwa mwanamke wa kushangaa. "Wabolivia wameshaketi. Waziri yuko njiani. Atabonyeza waziri akifika."

"Mtambo wa kuzima mawimbi?"

"Uko mpakani."

"Nitoe watu?"

"Ukipiga kelele tu, anatoka mlangoni na kubonyeza. Wabolivia wakifia mezani kwetu, kesho kuna vifaru Chaco, na bomba la gesi kati ya nchi zetu ndiyo basi tena. Hicho ndicho walicholipiwa hao waliotega bomu. Mtafute kwanza."

"Baba yangu yumo mle."

Redio ilikwaruza.

"Najua, Derlis. Endesha."

*

Ukumbi ulijaa wazee wenye lenzi shingoni. Ukutani kulikuwa na bayoneti zimepangwa kama meno. Pembe ya tereré, kinywaji baridi cha majani, ilizunguka mkono kwa mkono, kila mtu akivuta kwa mrija ule ule wa chuma, huku wakibishana kuhusu tepe na vifungo kwa sauti za watu wanaogombea shamba.

Kando ya sanduku la kioo alisimama Don Anastasio ndani ya suti yake ya harusi. Karibu naye alikaa Doña Elvira Choquevillca, mjukuu wa sajenti, aliyesafiri kutoka Oruro, Bolivia, kofia yake mapajani.

"Haya, huyu hapa mwanangu!" mzee akapaza sauti. "Umechelewa, na shati lina damu."

"Nimegonga ng'ombe, baba."

"Mnamsikia? Kazi yake kuuza magari, na ng'ombe hamwoni!"

Wakaangua kicheko. Derlis naye alicheka, macho yakipita kwenye mikono ya watu. Wengi walikuwa wameitia mifukoni. Wote walikuwa na lenzi. Wote walizungumza lugha ya medali, na lugha ya medali jasusi yeyote anaweza kuikariri hotelini.

Je, asichoweza kukariri ni nini?

Nje, king'ora cha pikipiki za msafara wa waziri kikaanza kusikika kwa mbali.

Derlis aliingia jikoni. Chini ya sinki alilikuta kopo la Brasso, la kung'arishia vitasa vya milango. Akarudi nalo mpaka katikati ya ukumbi, akatoa mfukoni medali ya Choquevillca, akaimwagia krimu.

Akaanza kuisugua kwa kitambaa.

Mzee mmoja alipiga yowe kama aliyechomwa kisu. Mwingine aliangusha kikombe. Uso wa Don Anastasio ulikuwa mwekundu kwa hasira.

"Mbwa wewe! Acha! Weusi huo ni miaka tisini!"

"Mnyang'anyeni!"

"Mshikeni mkono, anaiua!"

Hawakuhitaji kujua ni medali ya nani. Shaba nzee na kitambaa cha Brasso vilitosha. Watu wazima walikuwa na machozi ya kweli.

Isipokuwa mmoja.

Bwana nadhifu wa suti ya kijivu, aliyejiita Don Ibarrola wa Encarnación, alimwegemea Derlis na kutabasamu.

"Waache hao, kijana. Inapendeza hivyo."

Derlis naye alitabasamu.

Kisha akamvunja pua kwa kichwa.

Mkono wa Ibarrola ulikuwa tayari umo mfukoni. Derlis aliudaka ungali humo, akaupinda kwa nyuma mpaka mfupa ukalia. Rimoti ndogo, mfano wa ile ya geti, ikaanguka na kuteleza chini ya viti.

"Kila mtu nje!" Derlis alinguruma.

Ibarrola hakulia. Alichomoa bayoneti ukutani kwa mkono mzima, akaizamisha ubavuni mwa Derlis. Maumivu yalikuja kama maji ya moto. Wakagonga meza, wakaanguka pamoja, pembe ya tereré ikamwagika juu yao. Jamaa akamkalia kifuani, bayoneti ikashuka. Derlis aliikamata kwa kiganja kitupu. Makali yakala nyama mpaka mfupani.

Mkono mwingine ulipapasa sakafu.

Ukakuta mrija wa chuma.

Akauzamisha wote shingoni mwa Ibarrola.

Mtu yule alikoroma, akabiringika, akatambaa. Damu ilimfuata kama mkia. Vidole vya mkono wake uliovunjika vilikuwa vinaikaribia rimoti, vinaikaribia, vinaigusa.

Kiatu cheusi kikatua juu ya kifundo cha mkono huo kwa nguvu zote.

"Mkono huo," alisema Don Anastasio, "haugusi tena kitu humu ndani."

Ibarrola alitetemeka mara ya mwisho, akatulia.

*

Wataalamu wa mabomu walipolitoa sanduku, wazee walikuwa wamesimama barabarani kama watoto waliokatazwa kucheza. Derlis alikuwa amejifunga ubavu kwa tai ya mtu. Akamkabidhi baba yake begi.

Don Anastasio alizitazama medali moja moja. Alipoifikia ile iliyosuguliwa, aliipitishia kidole. Kipande cha katikati kiling'aa manjano, uchi kabisa.

"Umeiharibu," alisema kwa sauti ndogo. "Umetuokoa wote, na umeiharibu."

Doña Elvira alinyoosha mkono, akaichukua. Akaigeuzageuza juani.

"Mwacheni kijana, Don Anastasio. Siku aliyovishwa, babu yangu aliiona hivi hivi."

Mzee alifunga zipu ya begi. Simu ya Derlis ikalia.

"Vipi?" aliuliza Kanali Brítez.

"Mmoja daraja la Remanso, mmoja ukumbini. Wageni wazima."

"Ambulansi inakuja."

"Nitatembea, afande."

Alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akashika njia.

"Wewe!" baba yake alimfokea mgongoni. "Nikikuona tena na Brasso, nitakuua mwenyewe!"

Derlis aliinua mkono uliofungwa kitambaa, bila kugeuka, akakata kona.