Mahasimu Wamekaa Meza Moja, Ndugu Wamewekeana Bati

Wewe uliona. Uliona majirani wakiacha kusalimiana kwa sababu ya uchaguzi, ukasema hayakuhusu, ukapita zako. Basi kaa hapa, usome yaliyotokea katika karakana moja.

Karakana hiyo ilikuwa ya ndugu wawili, mafundi wa kuchomelea vyuma. Mkubwa aliitwa Bawaba, kwa kuwa hakuna mlango uliomshinda. Mdogo aliitwa Cheche, na si kwa sababu ya kazi tu. Mdomo wake nao uliwaka.

Kazi yao kubwa ilikuwa mageti. Geti kubwa ni kazi ya watu wawili. Mmoja hushikilia fremu inyooke, mwingine huchomelea. Ukijifanya unaweza peke yako, geti linapinda.

Uchaguzi ukaja. Bawaba alikuwa mtu wa chama cha Saa. Cheche alikuwa wa chama cha Ngazi. Mgombea wa Ngazi alimwita mgombea wa Saa mwizi kwenye kila jukwaa. Cheche akalibeba neno hilo mpaka karakanani.

"Wewe na mwizi wako!" alimwambia kaka yake mbele ya wateja.

Bawaba hakujibu kwa mdomo. Alisimamisha ukuta wa mabati katikati ya karakana. Lakini hasira hazipimi. Mashine ya kuchomelea ilibaki upande wa Cheche. Umeme ukabaki upande wa Bawaba.

Kura zikahesabiwa, Saa ikashinda. Cheche hakuomba umeme. Bawaba hakuomba mashine. Mmoja alikata nondo kwa msumeno wa mkono, mwingine alipaka rangi viti vya zamani.

Zahanati ya mtaa ilikuwa imewaagiza geti. Bila kazi ile, karakana ingefungwa. Mganga mkuu alikuja akasimama mlangoni.

"Geti lisipokuwa tayari Ijumaa, kazi nampa fundi mwingine," alisema. "Wagonjwa wangu hawaulizi Saa wala Ngazi."

Jumatano asubuhi Cheche alikuwa anakata nondo, redio ikiwa juu ya pipa. Rais mpya alikuwa anatangaza mawaziri wake. Wizara ya Ujenzi akapewa mgombea wa Ngazi.

Msumeno ukasimama.

"Amenunuliwa!" Cheche alipiga kelele. "Jamani, mchana kweupe!"

Nyuma ya mabati kicheko kikalipuka. "Mwizi wangu kampa mtu wako kazi! Pole, mdogo wangu. Nikuletee leso?"

"Na wewe unacheka nini?" mke wa Bawaba, aliyekuwa amemletea chai, alimuuliza mumewe. "Si ulisema watu wa Ngazi hawafai hata kufagia soko? Haya, huyo hapo, kaketi na mkubwa wako."

Kicheko kikakatika.

Mwalimu wa elimu ya watu wazima alikuwa amefuata kiti chake kilichopakwa rangi. Alisimama pale mabati yalipoishia, akawaona wote wawili.

"Shikamoo, mwalimu," Cheche alisema. "Umesikia? Kiongozi wetu katusaliti."

"Marahaba. Huenda kawasaliti. Huenda kaitwa kazini. Bado hujui. Rais anaweza kumteua mtu aliyeshindana naye. Nchi nyingi zimefanya hivyo. Waliompigia huyu kura nao wanapata sauti serikalini, na ugomvi wa mitaani unapoa."

"Sasa shida iko wapi?" Bawaba aliuliza.

"Shida ni nyinyi kulala. Waziri hufungwa na uamuzi wa baraza zima. Hawezi tena kupanda jukwaani na kumtukana bosi wake. Jana alikuwa anauliza, leo ndiye wa kuulizwa. Nani atamuuliza?"

Mwalimu akamgeukia mdogo.

"Cheche, mgombea wako alikuahidi nini?"

"Mtaro. Alisema serikali imeacha mtaa wetu uzame kila mvua."

"Na wa kwako, Bawaba?"

Bawaba alijikuna kidevu. "Mtaro."

Mke wake akapiga makofi kwa kucheka.

"Kumbe ahadi ni moja," mwalimu alisema. "Na mitaro iko chini ya wizara hiyo hiyo. Kabla hajaapishwa, kamati ya bunge itamhoji. Ndiyo sheria yetu. Mbunge wenu yumo kwenye kamati. Nendeni wote wawili. Akienda Cheche peke yake, watasema ana uchungu wa kushindwa. Akienda Bawaba peke yake, watasema anajipendekeza."

Mwalimu akachukua kiti chake akaondoka. Cheche alitazama vyuma vya geti la zahanati, vimelala sakafuni. Kumwita kaka yake mwizi kulikuwa rahisi kuliko hili.

"Kaka," alisema mwishowe. "Nipitishie waya."

"Waya gani?"

"Wa umeme. Au unataka nipige magoti?"

"Nipe bisibisi kwanza. Bati hili nililikaza kama mwehu."

Mchana walikwenda kwa mbunge, nguo zikiwa bado na kutu. Mbunge alikuwa wa Saa. Alitabasamu, akasema ateuliwaye asisumbuliwe mapema, ni wakati wa umoja.

"Mheshimiwa," Bawaba alisema, "mimi nilikupigia kura. Huyu hakukupigia. Tumekuja na swali moja. Muulize mtaro wetu utajengwa lini. Tutasikiliza redioni."

Ijumaa geti lilisimama zahanati, limenyooka. Wiki iliyofuata swali liliulizwa. Waziri mteule alikohoa, akanywa maji, akasema: kabla ya masika. Maneno yake yakaingia katika kumbukumbu za bunge.

Masika yalipofika, maji yalipita mtaroni, nje ya karakana. Upande wa sokoni mtaro bado haujafunikwa, na ndugu hao wanarudi kwa mbunge kila mwezi. Wamemchosha. Vizuri.

Mtu uliyegombana na ndugu yako kwa ajili yake anangoja gari la wizara. Ahadi zake anazisahau taratibu, na wewe unamsaidia kusahau. Mgongee mlango jirani uliyemnunia. Kubalianeni swali moja. Mpelekeeni mbunge wenu leo, kabla mteule hajaapa.